Sindano za Kichina ndo zinanisaidia mgongo nilioumia kazini, Anti nani alipe?

Shikamoo Anti,

Mie ni mama wa watoto wawili, tunaishi Kent hapa Washington, kwetu Mombasa. Kazi yangu ni kuangalia wazee kwenye zile nyumba ndogo za wazee sita, na mwenye nyumba ni dada yetu wa huko huko kwetu, ndo alonipa kazi nilipofika nchi hii sijui hili wala lile, kwa hivyo Anti naandika roho nzito, sitaki aonekane mbaya.

Mwezi wa tatu nilikuwa shifti ya usiku peke yangu, mzee mmoja mkubwa wa mwili akawa anateleza kutoka kitandani. Mashine ya kunyanyulia iko, lakini mkanda wake ulikuwa umekatika na kila tukiuliza tunaambiwa unakuja unakuja. Basi nikamkinga na mgongo wangu asianguke, nikasikia hapa kiunoni kitu kimelia kama mtu kavunja kijiti. Asubuhi nilishindwa kuvaa viatu, mtoto wangu wa kwanza ndo alonivalisha.

Bosi akaniambia nikienda hospitali niseme nimeumia nyumbani, yeye atanipa hela ya dawa mkononi na mambo yaishe. Mume wangu akakataa katakata, akanipeleka imajensi, daktari akauliza umeumia wapi nikasema ukweli, wakajaza fomu. Barua ikaja kwamba klemu, yaani madai yangu ya bima ya kazini, imekubaliwa, mgongo wa chini. Tangu hapo bosi salamu yake imebadilika, na kwenye chama chetu cha akina mama nasikia maneno ya pembeni kwamba kuna watu hawana shukrani.

Sasa shida yangu Anti. Daktari ananipa vidonge vya kulegeza misuli, nikimeza nalala mchana kutwa, watoto wanarudi shule wananikuta kitandani. Mazoezi ya terapi nimefanya yote niloandikiwa, yamesaidia kiasi, lakini kuinama nioshe sufuria bado siwezi. Rafiki yangu wa kazini, Mfilipino, akanipeleka kwa Mchina mmoja anachoma zile sindano nyembamba, na wallahi siku ile ya kwanza nililala usiku kucha bila kuamka. Tangu hapo naenda kila wiki, dola 95 kila mara, kwa kadi ya mume wangu. Halafu kuna dada wa msikitini ananifanyia hijama, vile vikombe vya kuvuta damu, kwake nyumbani, dola 60. Na mama amenitumia mafuta na mizizi ya kuchemsha, na kila akipiga simu ni njoo nyumbani, kuna mkandaji hapa Kisauni amenyoosha migongo ya watu wangapi.

Daktari sijamwambia lolote katika haya, naogopa ataniona mshamba. Mume wangu naye amesema mwisho wa mwezi huu kadi basi, na namwelewa, kodi hapa unaijua mwenyewe. Je, bima ya kazini inaweza kulipa sindano? Hijama je, na kukandwa? Hela niliyotoa itarudi? Na nikienda Mombasa kukandwa mwezi mmoja nitaharibu klemu yangu?

Mama wa Wawili, Kent

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mgongo wa mtu wa kazi yako ndo jembe lake, na umeuvunja ukimwokoa mzee wa watu asianguke, kwa hivyo usije ukakaa kwenye kiti cha daktari kama mtu aliyekuja kuomba sadaka.

Nianze na lile unalolingoja. Sindano, ndiyo, zinalipwa, na wewe umeangukia palepale zinapolipwa. Washington bima ya kazini inaendeshwa na idara ya kazi na viwanda ya jimbo, hii tunayoiita L&I, na miaka mingi sindano za Kichina zilikuwa kwenye orodha ya vitu visivyolipwa kabisa. Mwaka 2017 wakaanza kuzijaribu kwa wagonjwa wa mgongo, na mwaka huohuo chama kikubwa cha madaktari wa magonjwa ya ndani Marekani kikatoa mwongozo kwamba mgongo wa chini unaouma uanzwe kutibiwa kwa joto, kukandwa, sindano hizo na kunyooshwa kabla ya kukimbilia vidonge. Basi kuanzia Juni 2019 L&I wakaweka sheria: klemu iliyokubaliwa kwa mgongo wa chini inaweza kulipiwa sindano, mwisho mara 10 kwa klemu nzima. Bega haliko hapo, goti haliko, shingo haiko. Barua yako inasema mgongo wa chini, kwa hivyo ishike hiyo barua vizuri na uiweke mahali watoto hawafiki.

Lakini mlango wa sindano uko kwa daktari wako, yule anayeshika klemu yako, yeye ndo lazima aandike rufaa, yaani barua ya kukupeleka kwa wa sindano. Mchina hata awe bingwa namna gani hawezi kujiandikia, na wewe huwezi kujipeleka halafu ukadai. Ndo maana nasema kumficha daktari ndo kunakokugharimu dola 95 kila wiki, si L&I. Hatakuona mshamba mwanangu, madaktari wa huku siku hizi wanaulizwa habari za sindano kila siku na wazungu wenyewe. Mwambie hivi hivi kwa lugha yako: vidonge vinanilaza siwezi kulea watoto, terapi nimemaliza na nimefika hapa, nimejaribu sindano kwa hela yangu na usingizi umerudi, naomba uniandikie rufaa. Hayo matatu, kwamba dawa ina madhara, terapi umeifanya kweli, na sindano zimeonyesha dalili, ndo anayohitaji kuyaandika kwenye faili.

Na kabla ya kuondoka kwa daktari piga simu kwa huyo Mchina umuulize neno moja tu, una namba ya L&I? Kama hana, hawezi kulipwa hata ukija na rufaa ya dhahabu, itabidi utafute mwingine aliye na leseni na namba, na wapo wengi tu kuanzia Seattle mpaka Tacoma. Kama anayo, basi tangu siku ya rufaa anawatumia bili wao, na haruhusiwi kukutoza wewe hata dola moja ya juu. Akikuambia L&I wanalipa kidogo ongezea kidogo, hiyo ni makosa, usilipe.

Sasa nikwambie jambo linaloniuma kweli kweli. Mie mchana ni mkalimani, nakaa katikati ya madaktari na akina mama wa kwetu, Renton, Tukwila, mpaka hospitali kubwa za mjini, na klemu nyingi za watu wetu naziona zinafia kwenye adabu zetu. Daktari anaingia, anauliza hali gani leo? Mama amekaa upande mmoja wa kiti kwa sababu mwingine haukaliki, anatabasamu, anajibu alhamdulillah, sijambo daktari, nashukuru. Mie natafsiri alichosema, siwezi kuongeza. Daktari anaandika mgonjwa anajisikia vizuri. Miezi miwili mbele barua inakuja kwamba umepona kiasi cha kupona, klemu inafungwa, mama analia kwenye simu hajui kosa liko wapi. Kumshukuru Mungu ni haki yako, mshukuru ukiwa kwenye gari. Mbele ya daktari sema mgongo unafanya nini na haufanyi nini.

Na hapa ndo penyewe hasa kwa mtu anayetaka tiba isiyo ya kawaida ilipwe. L&I hawalipi kitu kwa sababu unakipenda au kinakutuliza, wanalipa kitu kinachokurudisha kwenye uwezo. Sheria yao inasema tiba iwe ni ya kuponya au ya kurudisha nguvu, iwe inakubalika katika udaktari, na kitu cha majaribio wanakihesabu tangu mwanzo kuwa hakifai mpaka kionyeshwe vingine. Kwa hivyo ukisema sindano zinanipa raha, raha hiyo haina bei kwao. Ukisema kabla ya sindano nilikuwa nasimama jikoni dakika kumi sasa nasimama nusu saa, nilikuwa sibebi hata galoni ya maziwa sasa naitoa kwenye friji hadi mezani, hiyo inaingia kwenye karatasi na karatasi ndo inayolipwa. Yule wa sindano naye atakupa maswali ya kujaza kabla hujaanza na baadaye, unakaa muda gani, unatembea mpaka wapi, unalala vipi. Usijaze kwa haraka ukiwa unamwangalia mtoto. Usijipunguzie maumivu kwa kuona haya, wala usiyazidishe, manake yakizidi kila mahali mpaka mwisho ina maana sindano hazikufanya kazi, na wataandika hivyo hivyo.

Mara 10 si nyingi. Zipange na daktari na mtu wa terapi, ukitoka kwenye sindano mwili umelegea ndo uingie kwenye mazoezi, usizimalize zote kwa kulala tu pale kitandani ukirudi nyumbani unakaa.

Kukandwa kunalipwa pia, na hili wengi hawalijui. Awe mtu mwenye leseni ya masaji na daktari akuandikie kwa maandishi. Wanaanza na mara 6, zaidi ya hapo wanataka waone umeendelea mbele. Na ukitaka kunyooshwa mifupa kama anavyofanya huyo mkandaji wa Kisauni, huku kuna madaktari wa kunyoosha uti wa mgongo, hao wenyewe wanaruhusiwa hata kushika klemu yako wakawa ndo daktari wako mkuu, na wale madaktari wa tiba za asili wenye leseni ya jimbo vilevile. Kwa hivyo kama daktari wako wa sasa hasikii kabisa habari ya sindano, una haki ya kuhamia kwa mwingine, mradi awe kwenye mtandao wa madaktari wa L&I na uwajulishe. Usihame kila mwezi tu, faili linaonekana la mtu asiyetulia.

Hijama ya nyumbani kwa dada wa msikitini, hapana mwanangu, hawatalipa na wala usiipeleke huko. Sikatai hijama, ni sunna na mimi mwenyewe nimepigwa. Sheria ya jimbo hili hata inawaruhusu wenye leseni ya tiba ya Asia ya Mashariki kupiga vikombe, lakini ile ya kuchanja kwenye zulia la mtu sebuleni haina leseni, haina faili, na ukipata jipu pale mgongoni hakuna wa kumdai. Jingine, siku moja watakuita kwa daktari wao wa kujitegemea akukague, atafunua mgongo akute alama nyeusi za vikombe ambazo hakuna mahali zimeandikwa, ataanza kuandika anayoyaona yeye. Kama utaendelea nayo, iwe kwa hela yako, na daktari wako ajue. Mizizi ya mama pia hailipwi na mtu yeyote, ila hiyo usiichemshe kabisa mpaka umempelekea daktari au mfamasia mfuko wenyewe auone, kwa sababu uko kwenye dawa za kulegeza misuli na baadhi ya mizizi inalaza au inachosha ini. Mafuta ya kujipaka, paka.

Kuhusu hela uliyokwisha kutoa nisikudanganye. Za hijama sahau. Za sindano za nyuma usizitegemee, hazikuwa na rufaa. Lakini kama kuna dawa ulizonunua duka la dawa kwa cheti cha daktari kabla klemu haijakubaliwa, au kliniki ilikutoza siku zile za mwanzo kwa ajili ya huohuo mgongo, hizo zinarudi, tafuta risiti na udai ndani ya mwaka mmoja. Kliniki ndo inatakiwa ikurudishie wewe halafu wao wakawadai L&I.

Siku barua ikija inakataa kitu, iwe sindano au kukandwa au inasema klemu inafungwa, usimpe mtoto akusomee. Piga simu L&I omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure, na hata kwenye miadi ya daktari wanalipa mkalimani, usimbebe mumeo. Barua ya uamuzi ina siku 60 tangu uipokee. Ndani ya hizo unaandika kwamba hukubaliani na kwa nini, unawapelekea L&I wenyewe au unakwenda kwenye bodi ya rufaa ya mambo haya, ambayo iko nje ya idara. Zikipita siku 60 uamuzi umekuwa mwamba, hata wakili hawezi kuusogeza kirahisi. Na daktari aandike barua yake ya kukuunga mkono, neno lako peke yako ni jepesi sana pale.

Mombasa usiende kwanza. Ile hela unayopata kwa kukaa nyumbani, kwa mtu mwenye mume na watoto wawili kama wewe ni asilimia 69 ya mshahara, inakuja kwa sababu daktari anajaza ile fomu ya kusema unaweza kazi gani na huwezi ipi. Ukiondoka mwezi mzima bila kumwambia daktari na msimamizi wa klemu, ukakosa miadi, fomu haijazwi, hela inasimama, na watasema huyu anapanda ndege masaa zaidi ya ishirini na mgongo mbovu? Mwambie mama mkandaji angoje, utakuja ukiwa umepona umsalimie tu.

Wengine mlioko majimbo mengine msinakili haya yote kama yalivyo. Texas mwajiri binafsi anaweza asiwe na bima hii kabisa na sheria inamruhusu, California watu wa sindano sheria inawahesabu kwenye kundi la madaktari wa klemu, kila jimbo lina mwenendo wake, kaulizeni kwenu.

Nimeliacha la bosi nyuma kwa sababu najua ndo linalokunyima usingizi kuliko hata kiuno. Alichokuomba, useme umeumia nyumbani, sheria ya hapa inakikataza waziwazi, mwajiri hana ruhusa kumzuia mtu kufungua klemu wala kumlipa pembeni ili asifungue. Na ungekubali leo usingekuwa na sindano, terapi wala hela ya kukaa nyumbani, ungekuwa na bahasha ya dola mia mbili na mgongo huohuo. Chukua hati yako ya mshahara uangalie pale kwenye makato, kuna mstari wa L&I, Washington mfanyakazi anakatwa sehemu ya hiyo bima kila anapolipwa. Umeichangia kwa masaa yako, hujamwibia mtu. Ni kweli bei yake yeye inaweza kupanda kwa klemu hii, na naamini ana madeni ya nyumba ile, biashara ya wazee si lelemama, lakini mkanda mpya wa mashine ungemgharimu kidogo sana kuliko haya. Akikupunguzia masaa au kukufukuza kwa sababu ya klemu una siku 90 za kupeleka malalamiko hukohuko L&I, ziandike kwenye kalenda ya jikoni ikitokea. Sikwambii umshtaki kesho. Nakwambia mtumie meseji ya heshima, dada, naomba mkanda uwekwe kabla msichana mwingine hajaingia shifti ya usiku, na hiyo meseji usiifute.

Kwenye chama endelea kwenda, toa mchango wako, kaa kitako. Wanaosema huna shukrani nusu yao wananyanyua wazee kama wewe na hawajui kwamba wana haki hizi, wakikuuliza waeleze.

Na mumeo mwambie kadi aifunge hata leo, amefanya mengi. Wewe Jumatatu piga simu kwa daktari uombe miadi na mkalimani, na uwe umeshaandika kwenye karatasi unasimama dakika ngapi na unabeba nini.